Gari la Mjomba kwa Jina Langu

Mwanangu Ramla,

Umetoka kwenda kuagana na wenzio, nami nimebaki hapa Woodbridge na masanduku yako yamepangwa mlangoni. Nimezima televisheni kwa sababu nilijikuta naijibu. Ukirudi utanikuta nimelala, au nimejifanya nimelala, maana nikikuona tena leo nitaanza kukukumbusha mafuta ya injini na upepo wa tairi, na si hayo ninayotaka kukwambia. Hayo unayajua. Kuswali pia unajua, na ukiacha, shauri yako na Mola wako, mimi sitakuja Atlanta kukuchungulia.

Soma pole pole. Najua Kiswahili unakisikia kuliko unavyokisoma. Soma kwa sauti, kama ninavyosema mimi, utaelewa.

Nataka kukwambia habari ya gari. Najua umenikasirikia. Siku zote hizi unaniomba nikusainie hati yake, ile ambayo mimi mpaka leo naiita logibuku, ili uondoke nalo likiwa kwa jina lako, na kila ukiniomba nina sababu mpya. Mara bima itapanda. Mara ngoja nitafute miwani. Jana ukaniambia mezani, kwa kile Kiingereza chako cha haraka, kwamba nataka kukufunga kamba. Nikakujibu maneno ambayo mtoto hakustahili kujibiwa. Ukaosha vyombo vyote, hata sufuria ambayo haikuwa chafu.

Hati iko mbele yangu sasa hivi, na kalamu iko juu yake. Sijasaini. Kabla sijaamua, nataka ujue gari hili ni la nani, maana nilikudanganya.

Nilikwambia Mjomba Omari alituachia gari hili kama zawadi, akahamia mbali kwa ajili ya kazi. Si kweli hata kidogo.

Omari ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja. Alipokuja Marekani tulikuwa bado tunakaa Hyattsville, kwenye ile fleti ya lifti mbovu. Wewe ulikuwa mdogo. Najua unamkumbuka kwa kukufundisha kupiga mluzi, jambo lililonikera wakati ule na linanikera mpaka leo. Alipata kazi ya usiku kwenye ghala, akadunduliza, akanunua gari kwa hela yake mwenyewe. Lakini makaratasi yake ya kukaa nchi hii yalikuwa hayajakaa sawa, na wakili alikuwa anamlia hela tu. Akaniambia, "Dada, liandike kwa jina lako." Wala hakuomba. Alisema kama mtu anayesema nipitishie chumvi.

Na mimi wala sikufikiri. Sisi watu wa Mombasa hapa ndivyo tulivyofanya wote. Aliyetangulia, jina lake ni la waliokuja nyuma. Simu kwa jina lake, umeme kwa jina lake, gari kwa jina lake. Kulikuwa na mama mmoja pale Hyattsville, kwa makaratasi alikuwa na magari chungu nzima, na yeye mwenyewe akienda kazini kwa basi. Tulimcheka, lakini tulimheshimu pia. Hakuna aliyetukumbusha kwamba mwenye jina ndiye anayeandikiwa barua.

Sasa Omari, Ijumaa alikuwa anachelewa siku zote. Ametoka kazini asubuhi, amelala, ameamka mbio mbio. Akifika msikitini anakuta pa kupaki pamejaa, basi anapaki kwenye plaza ya jirani, pale penye duka la vitanda na kinyozi, na kibao kinasema wazi kabisa: wateja tu. Nilimwambia, "Omari, kile kibao hukioni?" Akaniambia, "Dada, nitanyoa." Na ana kipara, mtoto wa watu!

Barua ya kwanza ikaja. Picha ya gari, namba ya gari, jina langu kwa herufi kubwa. Juu wamechora ngao, chini wameandika maneno ya mahakama na wakusanya madeni. Roho iliniruka. Siku zile nilikuwa nimepeleka maombi ya uraia, nasubiri kuitwa kwenye usaili, naogopa hata kukohoa mbele ya polisi. Nikaamini hiyo ni serikali. Kumbe ni kampuni tu ya watu binafsi, imepewa kazi na wenye plaza kupiga picha magari ya watu na kudai faini. Haina polisi wala hakimu. Lakini mtu kama mimi, niliyekulia kuogopa muhuri, ningejuaje?

Nikampigia Omari. "Nitalipa, Dada." Ikaja ya pili. "Nitalipa, inshallah." Na inshallah ya Omari, Mungu anisamehe, ilikuwa ni namna yake ya kukata simu. Ya tatu ikaja na wino mwekundu. Nikapandwa na hasira, Ramla. Hela haikuwa nyingi. Kilichonichoma ni kwamba mimi nalala na hofu, na yeye anapiga mluzi.

Kazini, kwenye ile nyumba ya wazee, nilikuwa na mwenzangu Wanjiru, mtu wa Nyeri, mama wa kanisa, ulimi wake mkali kuliko wangu. Akanikuta nalia chumba cha mapumziko. Akaichukua ile barua, akaisoma yote, mbele na nyuma, akacheka.

"Zuhura, hii si serikali bwana! Hawa ni watu wa paking. Wewe ndiye mwenye gari, lakini si wewe uliyeendesha, ama?"

"Si mimi. Nilikuwa hapa na wewe."

"Haya. Waandikie hivyo. Hukuendesha wewe, hukupaki wewe, kama wana neno wathibitishe. Basi."

Alisema basi. Nilimsikia vizuri, tena akaigonga meza.

Nikaandika siku ile ile. Nikawaambia gari limesajiliwa kwa jina langu, siku zote hizo nilikuwa kazini na kazini watawaambia, sikupaki mimi na sijakubaliana nao neno lolote. Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Ningeziba bahasha, ningeipeleka posta. Lakini kwenye karatasi yao, chini, kulikuwa na nafasi tupu: kama hukuwa wewe, taja dereva. Hakuna aliyenilazimisha kuijaza. Wanjiru aliniambia watu kibao huiacha hivyo hivyo tupu na hawafanywi kitu. Mimi nikaijaza. Majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye pasipoti, na anwani ya chumba alichokuwa amepanga, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nilitumia mwandiko wangu mzuri kabisa. Nilitaka na yeye ashtuke kidogo.

Wakanijibu kwamba mimi nimeondolewa, sidaiwi tena. Lo, nilivyofurahi! Nikapika biriani katikati ya wiki. Nilikuwa napakua Omari alipoingia, ameshika barua yake mkononi, imekunjwa kunjwa. Wewe ulikuwa chumbani na kazi zako za shule.

"Dada, umeniandika."

"Nimekuandika nini? Gari si umepaki wewe?"

"Umewapa jina langu na ninapolala."

"Si ulipe basi, yaishe! Pesa yenyewe kidogo."

Akasema, "Nchi hii nzima, Zuhura, ni wewe tu uliyekuwa unajua ninapolala."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Maisha yetu yote nilikuwa Dada.

Na hapa ndipo ninapoona aibu, mwanangu, kuliko pale pa kuandika jina. Omari alidhani ni serikali imempata. Ilikuwa imemkaa usoni, midomo imemkauka. Na mimi nilikuwa nimeshajua si serikali. Ningemwambia neno moja tu: hawa ni watu wa plaza, Omari, kaa ule. Angekaa. Angeniudhi kwa kula nyama zote. Lakini nilikuwa na hasira zangu na ushindi wangu, nikamwambia, "Ungekuwa mtu mzima nisingeandika." Akaweka funguo za gari kando ya sahani niliyompakulia, akatoka. Nikasema atarudi, njaa itamrudisha.

Kesho yake jioni nikaenda chumbani kwake. Mwenye nyumba akaniambia amehama tangu alfajiri, na begi moja.

Simu yake ikawa haipokewi. Baadaye ikawa namba ya mtu mwingine, mama mmoja wa Kihispania, ananijibu kwa upole kila nikipiga, mpaka nikaona haya nikaacha. Nimemuuliza kila mtu. Kila harusi naulizia, kila msiba naulizia. Mmoja aliapa kwamba alimwona Ohio. Mwingine akasema amerudi Kenya, lakini Kenya hawajamwona. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuburuta kwenye mashughuli ya watu tusiowajua, unalalamika kwamba miguu inakuuma? Nilikuwa namtafuta mjomba wako.

Na bibi yako, Mungu amrehemu, kila nikipiga simu Mombasa swali lake la kwanza lilikuwa, "Omari hajambo?" Namjibu, "Hajambo, mama, kazi nyingi tu." Nikamjibu hivyo mpaka alipokuwa hana nguvu tena za kushika simu, wakamwekea sikioni, na bado nikamwambia hajambo. Nimemzika mama yangu kwa uongo, Ramla, tena nimemzika kwa simu.

Uraia nikapata. Siku ya kiapo ulinishika mkono na kibendera chako, ukaniuliza mbona nalia wakati wenzangu wanapiga picha. Nikakwambia ni furaha.

Sitakupa mawaidha. Hili moja nakwambia kwa sababu limenikuta. Utakasirikiwa na watu wako na wewe utawakasirikia, tena wakati mwingine utakuwa na haki kabisa. Mimi nilikuwa na haki. Gari alipaki yeye, kibao alikiona. Lakini mtu wa nje alikuja akaniuliza jina la ndugu yangu, nikampa kabla ya kumpigia ndugu yangu simu nimwambie nimeombwa jina lake. Kumpigia kulikuwa kazi gani?

Basi nikabaki na gari lake. Sikuliuza. Tulipohamia huku Woodbridge nilikwenda kubadilisha anwani ya gari kabla ya kubadilisha ya benki, maana kwa akili yangu, siku Omari akilitaka gari lake atamtafuta mwenye jina. Ulipopata leseni nikakupa uliendeshe, nikakwambia ni zawadi ya Mjomba, ukarukaruka, ukasema unampenda sana. Nikaenda kujifungia bafuni.

Sasa nikwambie la mwezi uliopita, ambalo hulijui kabisa. Barua nyingine ilikuja. Gari lile lile, jina lile lile langu, kampuni nyingine, mambo yale yale. Safari hii ulikuwa wewe. Mji wa Falls Church, plaza moja karibu na barabara ya Route 7, ulipaki ukaenda unakokujua wewe ukapitisha muda wao.

Nikaketi nikaandika. Mimi ndiye niliyesajili gari, sikuwa dereva, siku hiyo nilikuwa zamu, mthibitishe. Pale pa kutaja dereva nikapiga mstari mmoja mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Hawakuridhika. Kijana wao akanipigia simu, sauti ya adabu kabisa.

"Mama, ni nani aliyekuwa akiendesha?"

"Si mimi."

"Naelewa si wewe. Ni nani?"

"Mwanangu, umeuliza, nimejibu."

"Kuna mtu mwingine hapo nyumbani anayetumia gari?"

"Mama yako yu hai?"

Akababaika. "Ndiyo."

"Basi mpigie umsalimie, uache kuwauliza wenzako habari za watoto wao." Nikakata.

Wakaifuta. Barua ya kuifuta ilikuwa fupi, nikaichana. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Nilikaa jikoni nikalia kilio ambacho sijui nilikuwa namlilia nani, ila nilijua ni nani ningemwita aje ale.

Lakini ile picha sikuichana. Wamelipiga picha gari kwa nyuma, mchana, jua kali, na kwenye dirisha la nyuma unaonekana mtandio wako wa buluu ule unaosema umeupoteza. Miezi hii nikikuuliza umetoka wapi unaniambia "nje tu". Unakuja nimelala, unaondoka niko kazini. Nyumba moja, na mimi nilikuwa sijui siku zako zinakwenda wapi. Halafu watu nisiowajua wakaniletea kwenye sanduku la barua: mwanao Jumamosi alikuwa Falls Church, jua linawaka, hajambo. Nilifurahi, Ramla. Nimeitazama ile picha mara nyingi kuliko picha zako za mahafali.

Na hapo ndipo nilipojua kwa nini miwani yangu ilikuwa haipatikani. Gari likibaki kwa jina langu, ukipaki vibaya Atlanta wataniandikia mimi. Ukipita barabara ya kulipia, wataniandikia mimi. Nitajua mtaa, nitajua siku. Wallahi nimekaa kwenye kiti hiki namwomba Mungu mwanangu apaki vibaya! Umewahi kumsikia mama wa namna hiyo? Omari aliondoka bila kuacha hata kijiti cha kunionyesha aliko, nami nikasema wa pili simwachii hivi hivi, huyu nitamshika kwa namba ya gari. Ulisema kweli jana mezani. Ndiyo maana nilikujibu vibaya, kwa sababu ulisema kweli.

Naogopa, mwanangu. Sioni haya kukwambia. Naogopa kurudi kutoka zamu, nikafungua mlango, nikakuta taa nilivyoiacha. Naogopa kupika wali wa mtu mmoja, sijui hata unapimwaje. Baba yako alipoondoka nilikuwa na wewe na Omari. Omari alipoondoka nilikuwa na wewe. Kesho ukishika barabara, nitapanda ngazi hizi nikiwa nani wa nani, sijui.

Lakini wewe si Omari, na huondoki kwa sababu nimekufukuza. Unakwenda kazini kwako, umesoma, umeitafuta kazi mwenyewe, nami najivuna mpaka wazee wa kule ninakofanya kazi wamechoka kusikia habari zako. Mtu anayeondoka hivyo hafuatwi kwa kamera.

Nimesaini. Nimesaini sasa hivi, sahihi imekwenda upande kidogo lakini ni yangu, watanielewa. Jina lako nimeliandika chini yake, lote, kwa mwandiko wangu mzuri. Hati nitaitia kwenye bahasha moja na barua hii, na bahasha nitaiweka kwenye mkoba wako wa safari, si kwenye sanduku, ili usiiache. Omari akija siku moja kulidai gari lake, nitamwambia analo mpwa wake, akamdai yeye. Atacheka, au atanitukana. Lolote kati ya hayo nitalipokea kwa mikono miwili.

Kuanzia kesho, ukikosea kupaki, jina litakuwa lako na barua itakuja kwako. Haitapita kwangu tena. Hakuna kampuni itakayoniambia ulipo, wala picha, wala ngao, wala wino mwekundu. Nimebaki na njia moja tu ya kujua, nayo ni wewe mwenyewe uamue kuniambia. Sitakupigia kukuulizia, nimeapa, ingawa unajua viapo vyangu. Nipigie wewe, mama. Usingoje upate la maana. Nipigie tu uniambie umepaki wapi.

Mamako,
Zuhura